Kununua Nyumba ya Kwanza Nakuru: Mwongozo Kamili, Kuanzia Hesabu ya Mfukoni Hadi Hati Yenye Jina Lako

Wanaopoteza pesa zao kwenye nyumba hapa Nakuru mara nyingi ni watu wenye akili zao timamu: walimu, wauguzi, wanajeshi waliostaafu, vijana walioko ng'ambo wanaotuma pesa kwa ndugu. Wanajua hati miliki ikoje na wanajua mawakili wapo. Kinachowaponza ni mpangilio. Wanalipa leo kitu ambacho zamu yake haijafika, kisha wanaanza kuuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa pesa zikiwa bado benki. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa jinsi pesa inavyopaswa kukutoka: vijisenti vya ukaguzi kwanza, mzigo wenyewe mwisho kabisa. Ukishawishika kuruka hatua kwa sababu muuzaji ana haraka, kumbuka haraka hiyo ni yake.

Hesabu kwanza, mtaa baadaye

Wengi huanza kwa kuzunguka Jumapili mchana wakitazama nyumba. Moja inawakaa moyoni, ndipo wanakwenda benki kuuliza kama wanaiweza. Anza benki. Ukishajua kikomo chako, nusu ya matangazo utayapita bila kuyafungua, na utajiokoa na maumivu ya kupenda nyumba ya mtu mwingine.

Bei ya tangazo haijawahi kuwa bei ya nyumba. Chukua nyumba ya shilingi milioni 6 iliyo ndani ya jiji. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi 240,000. Kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2. Hapo hujamlipa wakili, sorovea (mpima ardhi), mthamini, ada za benki, bima wala usajili. Mimi humshauri mtu atenge karibu asilimia 10 juu ya bei na asiiguse, hata muuzaji akilia machozi. Ikibaki, itanunua tangi la maji na mapazia.

Kama unakopa, benki nyingi zitataka uweke asilimia 10 hadi 20 kutoka mfukoni mwako. Kisha kuna mshahara: sheria ya ajira inakataza makato kuzidi thuluthi mbili za ujira, kwa hiyo mkopo wa gari unaoendelea kulipa sacco unapunguza moja kwa moja nyumba unayoweza kununua. Umalize kwanza. Nimeona watu wakikataliwa mkopo wa nyumba kwa sababu ya madeni madogo madogo ya simu waliyoyasahau.

Riba ndiyo inayostahili usiku mzima wa kalamu na karatasi. Mkopo wa milioni 4 kwa miaka 15, riba ikiwa asilimia 14, utalipa karibu shilingi 53,300 kila mwezi. Riba ikishuka hadi asilimia 9.5, malipo yanakuwa karibu 41,800. Tofauti ya miaka hiyo 15 inazidi shilingi milioni 2, na kwa pesa hizo unapata ploti nyingine. Kabla hujasaini popote, uliza benki na sacco yako kama zinatoa mikopo inayofadhiliwa na KMRC, ile kampuni inayozipa taasisi pesa za muda mrefu ili zikopeshe wananchi kwa riba ya tarakimu moja. KMRC yenyewe haikukopeshi, na kuna kikomo cha kiasi cha mkopo, lakini nyumba nyingi za mnunuzi wa mara ya kwanza Nakuru ziko chini ya kikomo hicho. Afisa wa mikopo hatakuambia usipouliza. Uliza pia kama riba inabadilika na kila baada ya muda gani.

Kuna vyanzo viwili ambavyo watu husahau. Akiba yako ya pensheni: kanuni za mwaka 2020 zinakuruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba hiyo kununua nyumba ya kuishi, mradi isizidi shilingi milioni 7. Na kodi: ukikopa kutoka taasisi inayotambuliwa na sheria ya kodi ya mapato kwa ajili ya nyumba unayoishi, riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka huondolewa kwenye mapato yako kabla ya kukatwa PAYE. Mwambie mhasibu wa kazini mapema, asije akakwambia mwaka umeshafungwa.

Na zile nyumba za serikali? Kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa tozo ya nyumba hakukupi nyumba. Ni lazima ujisajili Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, uweke akiba ya kianzio, kisha uombe nyumba katika mradi uliokamilika au unaojengwa, kama ule wa Bondeni hapa mjini. Faida yake ni kwamba anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango huo husamehewa ushuru wa stempu. Ubaya wake ni kusubiri, na kwamba hutachagua jirani wala ghorofa upendavyo. Kwa mtu asiye na ploti na asiye na muda wa kusimamia mafundi, mimi naona si chaguo la kudharau.

Nyumba iliyosimama au ploti ujenge?

Kila shangazi atakuambia ununue ploti ujenge polepole. Ushauri huo una maana kama una pesa za kujenga, fundi unayemwamini na moyo wa kukaa kodi huku ukinunua saruji. Kujenga polepole kuna gharama isiyoandikwa popote: kodi unayolipa miaka yote hiyo, na bei ya mabati inayopanda ukiwa kwenye lenta. Nyumba iliyosimama unaiona, unaigonga ukuta, unafungua mfereji. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nyumba iliyosimama, lakini ukaguzi wa hati ni uleule.

Nyumba ya kwenye ramani, ambayo bado haijajengwa, ni suala lingine. Usilipe awamu hata moja kabla wakili hajaona hati ya ardhi yenyewe, kibali cha ujenzi cha kaunti, na kama ardhi hiyo iko rehani benki. Kama iko rehani, mkataba useme wazi nyumba yako itafunguliwaje kutoka kwenye deni la mjenzi.

Kuchagua upande wa mji

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021 na bei zikajibu mara moja. Milimani iko ghali na itabaki ghali. Section 58, Naka na Free Area zina faida ya kuwa karibu na katikati. Lanet na Pipeline zimefuata barabara ya Nairobi. Ngata imefuata ile ya Eldoret. Kiamunyi iko njia ya Kabarak. Bahati njia ya Nyahururu. Mtu anayefanya kazi Egerton ataangalia upande wa Njoro. Lakini kuliko jina la mtaa, chini ya mtaa ndiko kwenye mambo.

Tuko ndani ya Bonde la Ufa, na sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya majivu ya volkano yaliyoziba nyufa za zamani. Mvua kubwa ikinyesha, maji huyaosha majivu hayo kutoka chini na ardhi inazama au kupasuka kwa mstari. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia Kaptembwa na Rhonda kwenda juu, wenyeji wanaijua hadithi hiyo vizuri. Si kwamba usinunue huko. Maelfu wanaishi salama. Uliza wazee wa mtaa maji ya mvua yanapotelea wapi. Mahali maji yanaingia ardhini na hayatokei, au palipowahi kufunikwa kwa lori za mawe na udongo, usipanunue bila kumleta mhandisi. Nyufa za ukutani zina lugha yake: zile nyembamba za plasta kama nywele ni za kawaida, ule wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupanuka kuelekea juu unasema msingi unatembea.

Ziwa nalo limepanda. Katika miaka kumi na kitu iliyopita Ziwa Nakuru lilifunika lango kuu la mbuga na kuingia kwenye nyumba za watu upande wa Mwariki na Baruti. Nyumba ya bei nafuu kuelekea ziwani inaweza kuwa na sababu ya unafuu wake. Fika baada ya mvua, tazama mstari wa unyevu ukutani, na uwe na shaka na rangi mpya iliyopakwa futi tatu tu kutoka sakafuni.

Kisha maji ya kunywa. Visima virefu vya huku vina floridi nyingi. Meno ya kahawia ya watoto wa hapa ndiyo ushahidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Muuzaji akijivunia kisima chake, mwambie vizuri kwamba ungependa kuona cheti cha maabara, au chukua chupa ukapime mwenyewe. Maji ya kampuni ya NAWASSCO huja kwa zamu mitaa mingi, kwa hiyo uliza majirani siku zenyewe na uhesabu matangi yaliyo juu ya paa zao. Paa zenye tangi mbili mbili zinakueleza kila kitu.

Mwisho, njia. Barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit inapitia mjini, na ukinunua karibu nayo lazima ujue hifadhi ya barabara inaishia wapi. Vivyo hivyo na nyaya kubwa za umeme zinazopita juu ya ploti, na kijito kinachoonekana kimekauka Januari.

Kutembea na broka

Broka si adui. Wengi wanajua mitaa kuliko ramani. Ila jua analipwa mnunuzi akinunua, halipwi mnunuzi akikataa. Usilipe pesa ya kuonyeshwa nyumba kabla hujafika kwenye nyumba, na usimpe broka amana hata kama ana risiti iliyopigwa muhuri. Mwulize kama amesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba. Akikasirika, umeshapata jibu.

Maneno utakayoyasikia ni yaleyale: "Madam, kuna mtu anakuja saa nane na pesa taslimu." "Mwenyewe anaruka kwenda Kanada wiki ijayo." "Hii ni bei ya leo." Mtu wa saa nane mara nyingi hayupo. Na akiwepo akanunua kweli, nyumba ile haikuwa yako. Utaumia wiki mbili kisha utaona nyingine. Kuna kipindi utachoka, nyumba zote zitaanza kufanana, wewe na mwenzako mtanuniana ndani ya matatu kwa sababu ya jiko. Pumzikeni mwezi mzima. Soko la Nakuru halitahama, na mnunuzi aliyechoka ndiye anayependwa zaidi na broka.

Nyumba inayokuvutia itembelee zaidi ya mara moja kwa saa tofauti. Alfajiri utaona foleni ya stejini na vumbi la barabara. Jioni utasikia baa, kinu cha posho au kesha la kanisa. Ukiwa ndani, fungua mifereji yote pamoja, vuta maji chooni, washa taa zote, panda darini na tochi uone mbao na alama za maji. Uliza maji taka yanaenda wapi: kwenye bomba la mji au kwenye shimo? Kama ni shimo, liko wapi, na lori la kunyonya linaweza kulifikia? Kuna nyumba nzuri huku ambazo shimo lake liko chini ya sebule iliyoongezwa baadaye. Kisha nunua maji ya chupa kwenye duka la karibu na uongee na mama mwenye duka. Anajua nani aliishi pale na kwa nini alihama.

Ulizia pia vibali vya ujenzi vilivyoidhinishwa na kaunti na cheti cha kuruhusu nyumba kukaliwa. Nyumba zisizo na karatasi hizo ni nyingi, na benki ikigundua hazipo, mkopo wako unaweza kukwama hapo.

Hati: hapa usiharakishe hata kidogo

Umeipenda nyumba na bei inafikika. Bado hujalipa chochote. Omba nakala ya hati, kitambulisho cha muuzaji na nambari yake ya PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Muuzaji anayesita kutoa nakala ya hati hana haki ya kuona pesa zako.

Fanya upekuzi rasmi wa hati katika sajili ya ardhi, kwa mtandao au kupitia wakili. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na unachokinga. Cheti utakachopata kina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: ukubwa, na kama ni umiliki wa kudumu au wa kukodishwa kwa miaka. Kama ni wa miaka, hesabu imebaki mingapi. Hati ya miaka 99 iliyoanza zamani inaweza kuwa imebakiza michache, na benki hazipendi hivyo. Sehemu B ina jina la mwenye mali. Lilinganishe na kitambulisho herufi kwa herufi. Sehemu C ndiyo ya mizigo: rehani ya benki, tahadhari iliyowekwa na mke au ndugu, zuio la mahakama. Ikiwa na kitu chochote, kiondolewe na muuzaji kabla ya pesa zako kusogea.

Hati inaandika hektari, tangazo linaandika futi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban hektari 0.046. Ukiona 0.03 kwenye hati, unauziwa 40 kwa 80 kwa bei ya 50 kwa 100. Na ile 50 kwa 100 yenyewe haifiki moja ya nane ya ekari kamili, ambayo ni karibu hektari 0.05, ingawa kila tangazo linaiita hivyo.

Mwombe wakili pia apate nakala ya kadi ya sajili inayoonyesha historia ya ardhi: nani alimiliki, lini, alimwuzia nani. Mali iliyobadilisha mikono mara tatu ndani ya mwaka mmoja inataka maelezo.

Nakuru ina ugonjwa wake wa karatasi. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa baada ya uhuru na kampuni na vyama vya ushirika. Wanachama wakapewa hisa, wakapigiwa kura ya ploti, na baadhi ya familia hadi leo zina cheti cha hisa tu. Cheti cha hisa hakikufanyi mwenye ardhi. Barua ya kugawiwa kiwanja nayo haikufanyi. Utaambiwa, "Hati ziko njiani, kila mtu hapa ananunua hivi." Wengine wamesubiri hizo za njiani mpaka wakazeeka. Kwa nyumba yako ya kwanza, ambayo ndiyo akiba yako yote, nunua penye hati iliyokwisha kutoka. Michezo ya subira waachie wenye pesa za kupoteza.

Kama jina kwenye hati ni la marehemu, simama. Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mgao. Watoto wote watano wakikusainia kwenye meza ya chai, bado hakuna aliyekuuzia kitu. Na muuzaji akiwa na mke au mume, idhini ya mwenzake iandikwe. Ukikutana na mtu anayeuza kwa niaba ya mwingine, hakikisha hati ya uwakilishi imesajiliwa na mwenye mali yuko hai, ikiwezekana muone kwa video akiwa na kitambulisho.

Sorovea, kabla ya kuongea bei ya mwisho

Hati inaweza kuwa safi na ukuta ukawa umejengwa kwa jirani. Tafuta sorovea aliye na leseni, wako, si yule anayeletwa na muuzaji. Atachukua ramani ya sajili na kuzitafuta bikoni, yaani alama za mipaka, moja moja.

Siku moja upande wa Ngata nilisimama na sorovea kwenye ploti yenye nyumba ya vyumba vitatu. Bikoni tatu alizipata bila tabu. Ya nne kifaa chake kikamwonyesha ndani ya ua wa michongoma wa jirani. Akaomba panga, akachimba kina cha kiganja, ncha ikagonga saruji; katikati yake kipande cha chuma chenye kutu. Jirani alikuwa ameingia karibu hatua mbili. Muuzaji, mzee mstaarabu, akasema, "Hiyo tutaongea na huyo jirani, haina shida." Mnunuzi, binti muuguzi, akamjibu kwa heshima, "Sawa mzee wangu, ongeeni kwanza. Mkielewana nipigie, nitarudi na sorovea." Baada ya miezi jirani alisogeza ua, na binti akapunguziwa bei kwa kusubiri. Kama angelikuwa amelipa amana, angekuwa yeye ndiye anayegombana na jirani.

Bei, kisha mkataba

Sasa punguza bei, ukiwa na orodha ya ulichokiona: shimo la maji taka lililojaa, mbao zilizooza, lango lisilofungika. Bei hupunguzwa kwa mambo ya kuonyesha kwa kidole, siyo kwa kulalamika. Muuzaji anayepandisha bei mkishakubaliana ataendelea kupandisha. Achana naye mapema.

Tafuta wakili wako mwenyewe. Hakikisha kwenye orodha ya Chama cha Mawakili kwamba ana leseni ya mwaka huu. Kutumia wakili mmoja na muuzaji kunaokoa pesa kidogo, na mkigombana hawezi kumtetea yeyote kati yenu.

Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, usainiwe na ushuhudiwe. Amana ya kawaida ni asilimia 10, na muda wa kukamilisha siku 90. Amana iingie kwenye akaunti ya wateja ya wakili na ishikiliwe hapo, isiende kwenye M-Pesa ya mtu. Mkataba utaje: muuzaji akivunja makubaliano utarudishiwa nini na ndani ya siku ngapi, nani analipa madeni ya kaunti, vitu gani vinabaki nyumbani (tangi, jiko la kujengea, kamera za ulinzi), na kama unakopa, nini kitatokea benki ikichelewa. Hapo pa mwisho ndipo wanunuzi wengi huumizwa. Benki huchukua muda wake, na siku 90 huisha haraka.

Utaombwa kuandika bei ya chini kuliko mnayolipana. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, na anataka kuikwepa. Kataa. Mambo yakiharibika utarudishiwa kilichoandikwa, na siku utakapouza faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo, ukatwe kodi aliyoikwepa yeye.

Bodi, stempu na uhamisho

Kama ardhi bado imehesabiwa kuwa ya kilimo, na mitaa mingi ya pembezoni iko hivyo ingawa imejaa nyumba, mnahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini mauzo ni batili. Bodi kwa kawaida hukaa mara moja kwa mwezi, na muuzaji hufika na mwenzake. Wakati mwingine mzee wa familia husimama na kupinga pale pale. Afadhali apinge siku hiyo.

Baada ya hapo wakili wa muuzaji hukusanya karatasi: hati halisi, fomu za uhamisho zilizosainiwa, idhini za bodi na za mwenzi, nakala za vitambulisho na PIN, picha za pasipoti, vyeti vya kutodaiwa na kaunti, na kodi ya ardhi ya serikali kama ni ya kukodishwa. Mthamini wa serikali hukadiria thamani, nawe unalipa ushuru wa stempu kupitia KRA. Thamani yake ikizidi bei yenu, utalipa ushuru kwa thamani yake.

Kabla ya kuachilia salio, fanya upekuzi wa hati mara ya pili, zikiwa zimebaki siku moja au mbili. Zuio linaweza kuwekwa wiki ileile. Salio litoke kwa benki kwenda kwa wakili, au kwa ahadi rasmi ya benki yako kwa wakili wa muuzaji. Usibebe pesa taslimu kwenye mkoba hata kama muuzaji ni binamu yako.

Siku ya funguo na baada yake

Mkiwa pamoja na muuzaji, nunua tokeni ya umeme ya shilingi mia moja kwa mita ya nyumba ile. Mita yenye deni hukatwa sehemu kila unaponunua, na ujumbe wa simu utawaonyesha nyote wawili. Deni la maji ulizieni ofisi ya kampuni ya maji. Andikeni namba za mita na msaini.

Usajili ukikamilika, fanya upekuzi mara ya tatu, safari hii ukitafuta jina lako. Kisha peleka nakala ya hati kwenye ofisi ya kaunti ili bili ya kodi ya ardhi ibadilishwe jina, na ufanye vivyo hivyo kwa umeme na maji. Ukikawia, siku unataka kukopa kwa nyumba hiyo utaanza kumtafuta mzee aliyehamia Kitale na kubadilisha namba ya simu. Na vitasa vyote vya milango vibadilishe jioni hiyo hiyo, maana hujui broka aliwagawia wangapi funguo.